Chambo na Chakula: Nyimbo, Maigizo na Michezo ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, wimbo namba 116 ni wa Pasaka. Wajerumani huuimba kwa lugha yao, na wapo waliokua wakiujua kama wimbo wa kwao. Lakini kwenye maelezo yaliyo chini ya noti zake yapo maneno mawili ya Kiswahili, Mfurahini, Haleluya, pamoja na jina la Bernard Kyamanywa na mwaka 1966. Kuhusu tuni, kitabu kinasema imetoka Tanzania, basi. Walutheri wa Marekani nao wanaujua, kwa Kiingereza cha Howard Olson, mmisionari aliyefundisha miaka mingi katika Chuo cha Theolojia cha Kilutheri Makumira, chuo kile kile alichosoma Kyamanywa.

Msomaji anaweza kuuliza wimbo huo wa Pasaka unahusianaje na wanafunzi wa leo, na kwaya zao, maigizo yao, mikesha yao na mipira yao ya Jumamosi. Unahusiana kwa sababu ni kazi ya chuo. Haukutungwa na kamati ya dayosisi wala na mtaalamu aliyeagizwa kutoka nje. Ulitoka katika kundi la wanafunzi waliokuwa na masomo ya Kiebrania na Kigiriki mezani, na ambao mwalimu wao aliwauliza jambo jepesi: kwenu mnaimbaje?

Makumira ilianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, ikahamia Usa River kati ya Arusha na Moshi mwaka 1954, na leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, ambako muziki unasomwa hadi shahada. Katika miaka ya 1960 wanafunzi wa pale walikuja na tuni za makwao, zile ambazo watu huzaliwa nazo, wakazitilia maneno ya Injili. Olson alizikusanya katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu. Wa kizazi hicho hicho ni Wilson Niwagila, ambaye wimbo wake wa kumwomba Roho Mtakatifu, Njoo Kwetu, Roho Mwema, nao ni wa mwaka 1966 na nao umevuka bahari.

Tuutazame wimbo wa Kyamanywa kama kazi ya sanaa, kwa kuwa mara nyingi kanisani tunazitazama nyimbo kama viti: tunazikalia, hatuzichunguzi. Beti zake zinakwenda kwa mpangilio wa habari yenyewe. Kwanza tangazo la ufufuo, kisha kaburi na siku zake tatu, kisha malaika na maneno yake, kisha agizo la kwenda kuwaambia wengine, mwisho uhuru tulioupata. Mtu asiyejua kusoma, akiuimba mara tatu, anaijua Pasaka yote. Kiitikio kinarudi baada ya kila ubeti, hivyo mgeni aliyechelewa kuingia anaweza kuanza kuimba kabla wimbo haujaisha. Wala hauna neno hata moja la kumshawishi mtu aje mbele. Unasimulia habari, unashangilia, unakoma. Nguvu zake zote zinatokana na habari inayosimuliwa.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama, maana hali tunayoiona katika ushirika mwingi wa wanafunzi, wa madhehebu yetu na ya jirani zetu, ni tofauti. UKWATA, TAFES, USCF, CASFETA, vijana Wakatoliki wa TMCS: kila mahali penye chuo kikuu hapa nchini utakuta vijana hawa wakikutana jioni madarasani baada ya vipindi, wakisogeza meza, wakiunganisha nyaya za spika. Bidii yao ni kubwa kuliko ya sharika nyingi za mjini. Wanafunga, wanakesha, wanachangishana fedha ambazo hawana. Tunawapenda, na kwa sababu hiyo tunaitazama kazi yao kwa jicho lile lile ambalo wahadhiri wao huzitazama insha zao.

Neno tunalolisikia sana kwao ni "kuvuta watu". Kwaya iimbe ili kuvuta watu, igizo lichezwe ili kuvuta watu, kuwe na bonanza la mpira ili kuvuta watu. Wimbo, igizo na mpira vimekuwa chambo, na mahubiri ndiyo ndoana. Watatujibu kwamba Bwana mwenyewe aliwaita wanafunzi wake wawe wavuvi wa watu. Ni kweli, ila wavuvi wale wa Galilaya walitumia nyavu. Ndoana imetajwa mara moja tu katika Injili zote, na ilikuwa kwa ajili ya kodi.

Madhara ya chambo ni kwamba hakuna anayejali kimepikwaje. Kinachotakiwa ni kinukie. Ndiyo maana nyimbo nyingi zinazoimbwa katika ibada za wanafunzi ni nakala. Wimbo uliovuma Lagos, Johannesburg au Sydney mwaka huu, mwaka kesho unaimbwa katika ukumbi wa mihadhara, pengine kwa Kiingereza, pengine kwa Kiswahili kilichotafsiriwa usiku mmoja. Hatuna ugomvi na Lagos wala Sydney. Wimbo 116 wa Wajerumani ni ushahidi kwamba nyimbo husafiri, na ni vema zisafiri. Ila Wajerumani walipouchukua waliutengenezea maneno yanayokaa katika lugha yao. Mfasiri wao, Ulrich Leupold, aliandika upya kwa Kijerumani kinachoimbika.

Kiswahili kina sheria moja ambayo hata mtoto anaifuata bila kufundishwa: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema Bwana tukikaza bwa, tunasema upendo tukikaza pe. Sasa chukua tuni iliyotungwa kwa Kijerumani au Kiingereza, ambayo huanza na noti nyepesi kisha nzito, uweke neno Bwana pale mwanzo. Pigo zito linaangukia na. Ukiendelea hivyo beti nne, unakuwa umeimba Kiswahili ambacho hakuna mtu anayekizungumza duniani. Wazee wetu walizoea hivyo kwa sababu vitabu vya wamisionari vilijaa nyimbo za namna hiyo, na kwa kuimba miaka sitini wamezilainisha kwa sauti zao, wakavuta hapa na kufupisha pale mpaka zikakubali. Vijana wanaoimba tafsiri mpya kila mwezi hawapati muda huo. Wimbo unachakaa kabla haujalainika. Padre Stephen Mbunga, aliyetunga Misa Baba Yetu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kikatoka mwaka 1963. Hilo swali la ndoa kati ya lugha yetu na sauti yetu si jipya. Lilikwisha kuulizwa na Mkatoliki na Mlutheri kabla wazazi wa wanafunzi wa leo hawajaoana.

Tukiwauliza viongozi wa nyimbo kwa nini hawatumii ngoma na tuni za kwao, jibu huja haraka: ngoma ina historia. Ilitumika jandoni, ilitumika kwenye pombe, ilitumika kupunga pepo. Jibu hili tunaliheshimu. Wakristo wa kwanza wa nchi hii walikuwa na sababu zao za kuachana na baadhi ya ngoma, na wengine walilipa kwa kutengwa na koo zao. Lakini jibu hilo hilo halitolewi kwa gitaa la sebene, ambalo sasa liko katika nusu ya kwaya zetu. Sebene ilizaliwa katika muziki wa dansi wa Kongo, ikakulia kwenye baa. Hakuna aliyeidai cheti cha ubatizo. Wala kinanda cha umeme chenye midundo iliyokwisha kutengenezwa kiwandani hakiulizwi midundo ile ilichezewa wapi kabla ya kufika madhabahuni. Inaonekana basi kwamba kinachoogopwa si dhambi ya chombo. Kinachoogopwa ni ushamba. Mwanafunzi aliyetoka kijijini akafika chuo kikuu hataki kuonekana ametoka kijijini, na ibada imekuwa mahali pa kuthibitisha kwamba hakutoka huko.

Hili linatuuma hasa tukifikiria Dodoma. Vyuo vikuu viwili vilianza pale mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St John's cha Waanglikana. Viko katikati ya Ugogo, nchi ambayo uimbaji wake wa sauti nyingi zinazopishana na kukutana huwafanya wanamuziki wa ng'ambo wapande ndege kuja kuusikiliza. Ni nchi ya zeze na ilimba, nchi ambayo wanawake ndio wapigao ngoma za muheme. Hukwe Zawose, Mgogo aliyezipeleka sauti hizo duniani kote na kufundisha Bagamoyo, alifariki mwaka 2003. Mwanafunzi wa muziki wa sifa anayesoma katika mji ule, akitaka darasa bora la kupanga sauti kuliko lolote atakalolipata kwenye simu yake, nauli ya basi la kijijini inamtosha.

Hatutaki ieleweke kwamba tunataka kila ibada iwe maonyesho ya utamaduni, vijana wamevaa kaniki na manyoya kwa ajili ya wageni wa heshima. Huo nao ni chambo, ila kimelengwa kwa wafadhili. Kyamanywa hakuandika wimbo wa kuonyesha Uafrika wake. Aliandika wimbo wa Pasaka, na sauti aliyokuwa nayo kooni ikaja nao.

Tugeukie maigizo, ambako hali ni mbaya zaidi. Mtu yeyote aliyehudhuria makongamano ya wanafunzi anaweza kuusimulia mchezo kabla haujaanza. Binti mwema wa kanisa anafika chuo. Rafiki wa bwenini anamkaribisha kwenye starehe. Anatokea mwanamume mwenye gari. Masomo yanaporomoka, mimba au ugonjwa unaingia, marafiki wanakimbia. Analia. Mtumishi anaingia kutoka upande wa kulia wa jukwaa na Biblia, anamwombea, binti anasimama, kwaya inaanza. Watazamaji wanapiga makofi, wengine wanatokwa na machozi, na tunaamini machozi hayo ni ya kweli, maana mambo yenyewe yapo. Lakini igizo halijawaambia watazamaji kitu ambacho hawakuwa nacho walipoingia. Tena tumejiuliza mara nyingi kwa nini mwanamume mwenye gari hatubu kamwe. Akitoka jukwaani katika sehemu ya tatu harudi, wala hakuna anayemuulizia. Labda ni kwa sababu mchezo haukuandikwa kwa ajili yake, na watu wa namna yake wanakaa viti vya mbele.

Mlimani, Dar es Salaam, ulichezwa mchezo wa aina nyingine mwaka 1969. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein haukuandikwa kwa ajili ya kanisa. Mwandishi alikuwa kijana wa chuo kile, mzaliwa wa pwani ya kusini, na mchezo unahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na nabii wake wa Ngarambe. Watu wengi wameusoma shuleni kwa ajili ya mtihani, wakaukariri kama mchezo wa ukombozi. Sisi tunauona pia kama mojawapo ya kazi nzito kuhusu imani zilizowahi kutoka katika chuo kikuu cha Afrika Mashariki, na tungependa wanafunzi wetu Wakristo wausome kwa jicho hilo.

Kinjeketile anapokea neno. Watu wanaoteswa kwenye shamba la pamba wanalipokea kutoka kwake, na mara linapofika mikononi mwao linakuwa kitu kingine. Yeye mwenyewe anaanza kulitazama upya na kukuta ndani yake jambo asiloweza kulikubali, ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kumfukuza mtawala mmoja na kumpokea mwingine. Anataka kuwazuia watu. Hawazuiliki tena. Neno limemzidi aliyelitoa. Na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, ingawa shaka yake tumeiona kwa macho yetu. Mtazamaji anatoka ukumbini bila kuambiwa amfikirieje. Je, huyu ni shahidi au ni mtu aliyewaponza maelfu? Hussein hajibu.

Kila mhubiri kijana wa chuo angefaa aketi na swali hilo kwa usiku mmoja kabla hajasema mbele ya watu kwamba Bwana amemwambia. Wanafunzi wengi wameahidiwa mambo kwa kinywa cha mwenzao aliyejiita mtumishi: utapata mchumba fulani, utafaulu, usiende hospitali. Neno likishatoka, nani analibeba? Hilo ndilo swali la mchezo ule, na ni swali la kichungaji kabisa. Igizo la binti na mtumishi haliwezi kuliuliza, kwa sababu ndani yake mtumishi hana shaka wala historia, anaingia tu na Biblia.

Tumewahi kuambiwa kwamba mchezo usiofunga swali lake unawachanganya wachanga wa imani. Basi tuusome tena mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, mpaka mwisho wake. Kaka mkubwa amesimama nje, amekasirika. Baba ametoka kumsihi. Ndani kuna ngoma na vifijo. Je, aliingia? Bwana hakusema. Alikuwa akisema na Mafarisayo, nao ndio walikuwa kaka mkubwa, kwa hiyo mwisho wa hadithi ulibaki mikononi mwao. Kikundi cha maigizo cha wanafunzi kikiuigiza mfano huu, kwa kawaida huwa kinaongeza onyesho la kaka kuingia, kukumbatiana na ndugu yake, na kwaya kuimba. Wamemsahihisha Bwana.

Kuhusu michezo ya uwanjani hatuna mengi, ingawa wanafunzi wenyewe wangeanzia hapo. Bonanza la ushirika limekuwa jambo la kawaida: mpira wa miguu katika uwanja mkubwa, mpira wa pete pembeni mahali penye mawe, jezi za kuazima, na wakati wa mapumziko mtu anachukua kipaza sauti na kuwahubiria vijana walioinama wakihema na kutafuta maji. Tunashauri awaache wapumue. Uwanja ni karibu mahali pekee chuoni ambapo Mpentekoste, Mkatoliki, Mwislamu na asiye na dini wanategemeana kwa dakika tisini bila hotuba. Jambo hilo lina thamani lenyewe. Kulichukua na kulifanya mlango wa kitu kingine ni kuwaambia wale waliokuja kucheza kwamba hatukuwaita kucheza.

Wahubiri wa michezo hupenda kumtaja Eric Liddell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliyekataa kukimbia mita 100 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo wake uliangukia Jumapili, akakimbia mita 400 na kushinda. Hupenda zaidi sentensi moja wanayoamini ni yake, kuhusu kumpendeza Mungu wakati wa kukimbia. Sentensi hiyo ni ya mwandishi wa filamu iliyotoka mwaka 1981. Ni kweli pia kwamba Liddell alialikwa kuhubiri kwa sababu ya umaarufu wa miguu yake, kwa hiyo chambo kilikuwapo hata wakati ule. Lakini mbio zenyewe alizikimbia kama mbio. Alijizoeza, akala alichotakiwa kula, akafika mbele. Baadaye alikwenda China, akafia katika kambi ya wafungwa wa Wajapani mwaka 1945, na mahali pale hapakuwa na watazamaji wa kuvutwa.

Jambo la siku za ibada nalo linastahili uangalifu kuliko linavyopewa. Usa River, mji mdogo tu, una vyuo vikuu viwili vya Kikristo: Tumaini Makumira cha Walutheri na Chuo Kikuu cha Arusha cha Wasabato. Atakayetaka kupanga mechi kati ya vyuo hivyo aanze na kalenda, kwa sababu mmoja Jumamosi hachezi na mwingine Jumapili asubuhi yuko kanisani. Katika vyuo vya serikali mwanafunzi Msabato hukutana na ugumu huo peke yake, ratiba ya ligi au ya mtihani ikiwa imekwisha kubandikwa ukutani. Ushirika wa Jumapili ungeweza kumsemea. Mara chache tumeuona ukifanya hivyo.

Sasa kuhusu fedha, maana hapo ndipo imani ya ushirika huonekana. Tukipitia bajeti za vikundi vya wanafunzi, za mwaka wowote, tunakuta spika, kinanda, sare za kwaya, usafiri wa kwenda kurekodi video. Spika ikiungua, mchango unapitishwa wiki ile ile. Hatujaona mstari wa kumlipa mzee wa kijijini nauli na posho aje afundishe wimbo, wala wa kununua daftari za noti, wala wa kumpa mwanafunzi mmoja juma la kutunga. Watatuambia kutunga hakugharimu kitu. Kunagharimu muda, na muda ndicho kitu ambacho mwanafunzi hana. Makumira ya miaka ya 1960 ilikuwa na mwalimu aliyeona kwamba kutunga ni sehemu ya masomo. Wanafunzi wa leo wanatunga usiku wa manane baada ya mkesha, na wimbo unatakiwa Jumapili.

Na wakitunga, wanatunga nini? Ushindi, kwa sehemu kubwa. Adui amepigwa, milango imefunguka, mwaka huu ni wangu, nimeinuliwa juu ya wenzangu. Tumezisikia nyimbo hizi zikiimbwa kwa sauti nzuri na watu ambao tunajua wana njaa. Katikati ya muhula, bumu likichelewa, wapo wanaoishi kwa mlo mmoja na chai. Wapo wenye sapu tatu wasiothubutu kuwaambia wazazi. Wapo waliodisko, yaani jina limekatwa na chuo wanatakiwa waondoke, na bado wanabaki mjini wiki kadhaa kwa aibu, wakija ibadani kwa sababu ibada haidai kitambulisho. Aliyedisko Ijumaa, Jumapili anaimbiwa kwamba yeye ni kichwa wala si mkia. Anaimba pia, kwa kuwa hakuna wimbo mwingine.

Hili ndilo tunalolihesabu kuwa hasara kubwa kuliko mikazo iliyopinda na midundo ya kiwandani. Chuo kikuu kina maisha yake: foleni ya kujisajili, godoro moja la watu wawili bwenini, mhadhiri anayemtaka binti ofisini jioni, rafiki aliyejiua na jina lake halitajwi tena. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoingia katika nyimbo tunazozisikia, na katika maigizo linaingia tu kama onyo. Mtu akija na wimbo wa namna hiyo kwa kiongozi wa sifa, ataambiwa unashusha roho ya ibada.

Zaburi ya 88 inashusha. Aliyeitunga analia mchana na usiku, anasema rafiki zake wametengwa naye, anauliza kwa nini Mungu amemficha uso wake, na tofauti na zaburi nyingine za maombolezo haigeuki kuwa sifa. Inaishia gizani, ubeti wa mwisho kabisa. Waliokusanya zaburi hawakuiondoa wala hawakuiongezea mwisho mwema. Juu yake waliandika kwamba ni wimbo, ni wa wana wa Kora, na apewe mwimbishaji.